Mkubwa Naye Huonewa

Wahenga walinena kwamba mkubwa ni jalala: kila taka huishia kwake, naye hana budi kustahamili. Ni neno la hekima, kwani asiye na kifua hawezi kuongoza watu. Hata hivyo, twaona kwamba siku hizi neno hili hutumiwa kufunika dhuluma isiyozungumzwa, ya meneja kuonewa na wale anaowasimamia.

Uonevu huu hauna kelele. Msimamizi mpya, pengine kijana au mwanamke aliyepandishwa cheo juu ya waliomtangulia kazini, hutoa salamu asijibiwe. Habari anayoihitaji humfikia kikao kikiwa kimekwisha. Kazi aliyoiagiza asubuhi hucheleweshwa kusudi hadi jioni, kisha lawama ikamwangukia yeye. Hufunguliwa kundi la WhatsApp asimokuwamo, akafanyiwa mzaha humo. Mwisho, mwajiri hupelekewa barua isiyo na jina. Kila tendo peke yake ni dogo. Yakijumlishwa kwa miezi, humvunja mtu. Naye hunyamaza, kwa kuchelea kuulizwa ni mkubwa gani ashindwaye na wadogo. Ghadhabu aliyoimeza afisini huimwaga nyumbani, kwa watu wasio na hatia.

Historia yatupa mfano. Saad bin Abi Waqqas (r.a.), amiri wa jeshi lililoshinda Qadisiyya, alikuwa gavana wa mji wa Kufa, Iraq. Baadhi ya raia zake walimshtaki kwa Khalifa Umar (r.a.), hata wakadai kwamba hajui kusali vyema. Umar alimwondoa cheoni, lakini hakuishia hapo. Alimsikiliza Saad mwenyewe, kisha akatuma ujumbe Kufa kuuliza msikiti kwa msikiti. Kote alisifiwa, ila kwa mtu mmoja wa Bani Abs. Na alipokuwa mahututi, mwaka 23 Hijria, Umar alitangaza kwamba hakumwondoa Saad kwa udhaifu wala khiyana.

Hapo ndipo waajiri wetu wengi hukosea. Hupokea mashtaka, wakamhamisha meneja kimyakimya, na jina lake likabaki na doa.

Hatusemi kwamba kila lalamiko ni uonevu. Mfanyakazi adaiye mshahara wake, au afichuaye wizi, yuko katika haki. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imeweka mizani: kifungu cha 44 chahesabu matusi kwa msimamizi kuwa kosa kubwa, na kifungu cha 41 chataka mshtakiwa aelezwe kosa lake kwa lugha aifahamuyo, mbele ya mwenzake, na asikilizwe kabla ya kufutwa. Mkataba nambari 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, wawakinga na unyanyasaji hata wenye mamlaka ya mwajiri.

Basi meneja aliyefikwa na haya na aandike kila tukio na tarehe yake, azungumze na mhusika faraghani, na akishindwa amjulishe mwajiri mapema. Mwajiri na achunguze, kisha atangaze alichokiona kwa sauti ileile iliyotumika kushtaki. Nasi wa nyumbani, tukimwona mwenzetu amerudi kazini akiwa mzito wa maneno, tusitosheke na kumwambia avumilie kwa kuwa ni mkubwa. Tumuulize yaliyomsibu, tumsikilize hadi amalize.

Wabillahi tawfiq.