Elkader: Mji wa Marekani Wenye Jina la Muislamu



Katika jimbo la Iowa, nchini Marekani, upo mji mdogo uitwao Elkader, wenye wakazi yapata 1,200. Ndio makao makuu ya Kaunti ya Clayton. Mto Turkey wapita katikati yake, na juu ya mto huo limesimama daraja la mawe la matao mawili lililojengwa mwaka 1889. Wazee wa wenyeji wengi walihamia huko kutoka Ulaya, na ibada zao ni za kanisani. Hata hivyo, mji wao una jina la Muislamu.

Mwaka 1846, wakili Timothy Davis na wenzake wawili walipima viwanja vya mji mpya. Wakati huo magazeti yalikuwa yakieleza habari za Amiri Abdelkader, kijana wa Algeria aliyechaguliwa na watu wake mwaka 1832 kuwaongoza dhidi ya jeshi la Ufaransa. Alikuwa mwanachuoni, mtoto wa sheikh wa twarika ya Kadiria, ambayo hapa pwani pia twaijua. Hata maadui walimsifu kwa jinsi alivyowatendea wema mateka. Davis alimstahi sana, akaupa mji jina lake.

Mwaka uliofuata Amiri aliweka silaha chini, baada ya kuahidiwa kwamba angeachwa aende nchi ya Kiislamu. Ahadi ikavunjwa, akafungwa Ufaransa pamoja na jamaa zake hadi mwaka 1852. Hatimaye akahamia Damascus.

Huko ndiko alikopata mtihani mkubwa kuliko vita. Mwaka 1860 ilizuka fitina, na Wakristo wakawa wanauawa mitaani. Amiri, ambaye Wakristo walikuwa wameitwaa nchi yake na kumvunjia ahadi, alitoka na watu wake kuwaokoa. Maelfu walipata hifadhi kwake. Rais Abraham Lincoln alimpelekea bastola mbili kuwa zawadi ya shukrani.

Tuzingatie miaka hiyo. Mji wa Elkader ulipewa jina miaka 14 kabla ya tukio la Damascus. Walioliteua hawakujua litakalokuja. Mwenye jina ndiye aliyelitunza.

Kwa muda mrefu uhusiano huo ulibaki katika jina tu. Kisha, mwaka 1984, Elkader iliungana kwa udugu na Mascara, mji wa Algeria ulio karibu na alikozaliwa Amiri. Mafuriko yalipoikumba Elkader mwaka 2008, Algeria ilituma msaada. Mwaka 2009 wenyeji walianzisha mradi wa elimu unaowahimiza wanafunzi wa Marekani kuandika insha juu ya maisha yake.

Enyi wazazi, hapa kwetu ni wengi walioitwa Abdulkadir, na watoto wetu wasikia mengi mabaya yakisemwa juu ya dini yao. Tuwasimulie habari za mji huu. Amiri hakwenda Iowa, wala hakumlingania mtu yeyote huko. Ni mwenendo wake ndio uliofika. Na mwenendo huo hufunzwa nyumbani: kutimiza ahadi hata kwa aliyevunja yake, na kumhifadhi jirani asiye wa dini yetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuyatunze majina tuliyopewa. Amin.