Mwandishi wa Maelezo na Wenzake

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za watu ambao kazi yao twaitumia kila siku, bali majina yao hatuyajui. Ni wale waandikao maelezo ya kutumia dawa, kuendesha mashine na kuchanganya mbolea, pamoja na wahariri wayasahihishao kabla hayajapigwa chapa.

Labda mtu atasema, "Kazi hiyo ni nyepesi, ajuaye jambo hashindwi kulieleza." Sivyo. Na tutwae mfano mmoja. Mtoto anayeharisha hupotewa na maji mwilini. Ikiwa pakiti ya dawa ya kuchanganya haipatikani, mama hufundishwa kutengeneza maji haya nyumbani: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, na chumvi nusu ya kijiko kidogo, navyo vijiko visawazishwe juu. Basi mwandishi akiandika "kijiko" tu, mama mmoja atatwaa kijiko cha chai, na mwingine kile kikubwa cha mezani, ambacho huchukua mara tatu ya kidogo. Mmoja atakisawazisha, mwenzake atakijaza hata kifanye kilima. Chumvi ikizidi, maji yaliyokusudiwa kuponya yaweza kumdhuru mtoto. Neno moja limeachwa, nalo si dogo.

Mbona mwandishi aliliacha? Si kwa ujinga, bali kwa sababu ajua mno. Moyoni mwake kijiko ni kimoja tu, naye adhani kila mtu akiona. Mimi mwenyewe niliwahi kuwaandikia wanafunzi wangu wa ualimu karatasi ya kutengeneza kipimo cha mvua. Nikaisoma mara tatu, nikaona haina kasoro. Wakafanya kama nilivyoandika, kisha wakaviweka vipimo vyao chini ya mwembe. Mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi tukakuta maji kidogo tu. Sikuwa nimeandika kwamba kipimo kiwekwe peupe, mbali na miti na nyumba. Kosa halikuwa lao, lilikuwa langu. Na mimi peke yangu nisingaliliona hata kwa kusoma mara kumi.

Zamani mwandishi aliweza kumjua msomaji wake. Mwaka 1391 Mwingereza Geoffrey Chaucer aliandika kitabu cha kufundisha matumizi ya chombo cha kupimia nyota, akakiandika kwa maneno mepesi kwa ajili ya mtoto Lewis, mwenye umri wa miaka 10. Lakini maelezo ya siku hizi husomwa na maelfu ya watu ambao mwandishi hatawaona kamwe. Basi hana budi kupata wenzake wa kusimama mahali pao.

Ndiyo sababu waandishi hawa waliunda vyama. Huko Marekani, katika mwaka 1953, chama kimoja kilianzishwa Boston na kingine New York. Viwili hivyo viliungana mwaka 1957, vingine vikajiunga baadaye, na tangu mwaka 1971 umoja huo ukaitwa Society for Technical Communication. Wanachama walikutana mikutanoni, wakachapisha majarida, na wakongwe wakawafundisha vijana. Lakini mwezi wa Januari 2025 chama hicho kilifungwa kwa kulemewa na madeni. Wengi walisikitika, maana walipoteza mahali pa kuulizana. Hata hivyo kazi haikufa. Uingereza kimekuwapo chama cha namna hiyo tangu mwaka 1972, na Ujerumani tangu mwaka 1978.

Nasi Afrika ya Mashariki jambo hili si geni kwetu. Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 1930, iliwapa wasomaji wake miswada ya vitabu vya shule waikague kabla haijapigwa chapa. Walibishana juu ya neno na tahajia, na mtoto wa shule akafaidi mabishano yale.

Wala hatuhitaji kungoja chama kikubwa. Watu watatu watosha: bwana shamba, mwuguzi na mwalimu. Na wakutane mara moja kwa mwezi, kila mmoja na karatasi aliyoiandika, wakashike mambo manne. Kwanza, karatasi isomwe kwa sauti na mtu asiyeiandika. Pili, apewe mtu asiyeijua kazi ile, naye aifanye kwa kufuata maandishi tu. Mwandishi akae kimya, asimsaidie hata kwa kidole. Tatu, pawe na daftari la maneno, ili kitu kilichoitwa "kijiko kidogo" leo kisiitwe kwa jina jingine kesho. Nne, kosa lisahihishwe bila dharau, kwa maana anayechekwa leo hataleta karatasi yake mwezi ujao.

Jambo la nne ndilo gumu kuliko yote. Sisi tuliosoma twapenda kusifiwa, na kusahihishwa hutuchoma. Lakini yule mama mwenye mtoto mgonjwa hatauliza ni nani aliyeandika vizuri. Atauliza ni kijiko kipi. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa. Basi kabla hujaitoa karatasi yako, mpe mwenzako aisome.