Lebo ya Diski: Inakoandikwa na Inavyobadilishwa kwa Amri

Katika vituo vya kompyuta vya masoko kama Pap Onditi, katika kaunti ndogo ya Nyakach, Kaunti ya Kisumu, mashine moja hupokea flashi za wateja wengi kwa zamu, na kwa kuwa Windows huipa kila flashi herufi iliyo wazi wakati huo, kama E: au F:, herufi hiyo haiwezi kuonyesha flashi ni ya nani. Kinachosafiri na flashi yenyewe ni lebo, yaani jina fupi lililohifadhiwa ndani ya mfumo wa faili, ambao ndio utaratibu wa kupanga data kwenye diski.

Lebo husomwa na kubadilishwa katika dirisha la amri, ambamo kompyuta huagizwa kwa maandishi. Katika Windows, amri ya vol E: huonyesha lebo pamoja na namba ya utambulisho, ilhali label E: SONDU MIRIU huipa flashi jina la mto unaopita Nyakach na kuingia Ziwa Viktoria. Katika Linux, lsblk -f huorodhesha diski, mifumo yake ya faili na lebo zake. Kisha msimamizi wa mashine hutumia fatlabel kwa mfumo wa FAT, baada ya kuitenganisha flashi na saraka inamofunguliwa, au e2label kwa mfumo wa ext4.

Jina SONDU MIRIU, pamoja na nafasi iliyo katikati, lina herufi 11, ambazo ndizo kikomo cha FAT. Kikomo hicho kilitokana na mfumo endeshi wa MS-DOS, ambao katika toleo la 2.0 la mwaka 1983 ulihifadhi lebo kama ingizo la kawaida la saraka kuu, lenye alama ya kuonyesha kwamba si faili. Na kwa kuwa jina la faili lilitengewa baiti 8, na kiendelezi chake baiti 3, lebo ilirithi jumla yake. ZIWA VIKTORIA, lenye herufi 13, halitoshei humo, lakini hutoshea katika ext4, iliyotenga baiti 16, na katika NTFS, inayoruhusu herufi 32.

FAT huweka nakala nyingine ya lebo katika sekta ya kwanza ya kizigeu, yaani ya sehemu ya diski yenye mfumo wake wa faili. Programu ikibadilisha nakala moja tu, flashi hiyohiyo huweza kuonekana kwa majina mawili katika mashine mbili. Baiti za nakala hizo mbili ziko nje ya maeneo yanayobeba yaliyomo katika faili, na ndiyo sababu kubadilisha lebo hakugusi nyaraka, tofauti na kufomati upya, ambako huunda mfumo mpya wa faili.

Hata hivyo, hakuna kinachozuia flashi mbili kuitwa SONDU MIRIU. Kwa hiyo, pale ambapo mashine inapaswa kufungua diski ileile kila inapowashwa, Linux hutumia UUID, kitambulisho ambacho katika ext4 kina biti 128 na kwa kawaida huundwa wakati wa kufomati, na lebo huachiwa kazi ya kumwelekeza mtumiaji.