Makumbusho ya panki, nyumba ya Shangani na vijana wetu wa machimboni

Tarehe 1 Aprili 2023, katika mji wa Las Vegas, Marekani, ilifunguliwa nyumba ya makumbusho ya muziki wa panki. Msomaji wa Walikale au Masisi anaweza kuuliza: jambo hilo linamhusu nini mkristo anayeamka asubuhi akiwaza hali ya barabara na bei ya chumvi? Sisi tunaohudumu hapa Omate tunaona linamhusu. Tumelifikiria kwa muda, kwanza kwa sababu ya safari moja ya Zanzibar, na pili kwa sababu ya mjadala ulioko sasa kati ya wazee wa kanisa na vijana wanaochimba dhahabu. Tuanze na muziki wenyewe, maana wengi wetu hatuujui.

Neno panki wengine wamelisikia kwa vinyozi wa Tanzania: kunyoa pande za kichwa na kuacha nywele katikati. Mtindo wa namna hiyo ulienezwa duniani na wanamuziki tunaowazungumzia. Muziki wao ulianza katikati ya miaka ya 1970, huko New York na London. New York kulikuwa na kilabu kidogo kilichoitwa CBGB, ambako kundi la Ramones lilianza kupiga mwaka 1974. London walitokea Sex Pistols na The Clash. Uingereza wakati ule ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1 wasio na kazi, na kijana aliyemaliza shule hakuona mlango wa kuingilia. Makundi makubwa ya roki yalikuwa yamekuwa ya kitajiri, na vyombo vya bei kubwa na nyimbo ndefu ambazo mtoto wa maskini hangeweza kuzipiga hata akijaribu. Basi vijana wakachukua gitaa, besi na ngoma, wakapiga haraka na kwa nguvu, nyimbo za dakika mbili. Mwaka 1977 kijarida kimoja kilichora namna ya kushika kodi tatu za gitaa, kisha kikamwambia msomaji aende sasa akaunde kundi lake. Hapo ndipo ulipo moyo wa panki. Usingoje mwenye mali akupe ruhusa, wala usingoje uwe fundi. Sema lililo tumboni kwa chombo ulicho nacho.

Hatutaki kupamba. Kulikuwa na matusi, ulevi na madawa ya kulevya. Sid Vicious, mpiga besi wa Sex Pistols, alikufa mwezi wa pili 1979 akiwa na miaka 21, sababu ikiwa ni heroini. Mtu akituambia kwamba si muziki wa kupeleka watoto, hatutabishana naye. Lakini kulikuwa na jambo lingine pia. Tarehe 30 Aprili 1978 umati mkubwa ulitembea katikati ya London hadi bustani ya Victoria kupinga ubaguzi wa rangi, na The Clash wakapiga pale pamoja na wanamuziki wa rege. Wakati huo wahamiaji kutoka Afrika, Asia na Karibi walikuwa wakipigwa barabarani. Ni vyema kuuliza ni makanisa mangapi ya Ulaya yalitoka nje siku kama ile.

Hiyo nyumba ya Las Vegas sisi hatukufika. Tunajua kwamba ilianzishwa na mwanamuziki anayejulikana kama Fat Mike, wa kundi la NOFX, na kwamba wanaomtembeza mgeni ndani ni wanamuziki wenyewe, watu waliokuwa jukwaani. Kuna chumba ambamo mgeni anaruhusiwa kushika magitaa yaliyotumiwa na makundi na kuyapiga. Kuna baa, kuna mahali pa kuchora chale, na kuna kanisa dogo la kufungishia ndoa. (Wachungaji wenzetu watacheka, lakini ndiyo hivyo, Las Vegas ni mji wa ndoa za haraka.) Baadhi ya wapenzi wa panki walinung'unika kwamba muziki wa kukataa mamlaka hauwezi kuwekwa kwenye kabati la kioo na kuuziwa tiketi. Manung'uniko hayo yana maana. Hata hivyo, ambacho hakikuwekwa mahali popote hupotea, na sisi wa mashariki mwa Kongo tunalijua hilo kuliko wao.

Tuliyoiona kwa macho ni nyumba ya Zanzibar. Iko Shangani, katika Mji Mkongwe, barabara ya Kenyatta. Ilifunguliwa tarehe 24 Novemba 2019 kwa kumbukumbu ya mwimbaji wa roki ambaye dunia inamwita Freddie Mercury. Jina alilopewa na wazazi ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi wanaofuata dini ya Zoroasta, na baba yake alikuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa mtoto alipelekwa India kusoma katika shule ya bweni, na huko alianza kupiga piano na wenzake. Mapinduzi ya Januari 1964 yalipotokea, familia ikakimbilia Uingereza, kama familia nyingi zilizoacha kila kitu. Ndani ya nyumba ile kuna picha za mtoto huyo, za wazazi wake, na za miaka ya kundi la Queen. Kwa mkimbizi yeyote wa Masisi, picha za familia kabla ya kukimbia hazihitaji maelezo.

Freddie hakuwa mtu wa panki. Alikuwa katika yale makundi makubwa ambayo panki iliyakataa. Lakini historia iliwakutanisha. Tarehe 1 Desemba 1976 Queen walitakiwa kuonekana katika kipindi cha televisheni mjini London, wakashindwa kufika, na kampuni yao ya muziki ikapeleka Sex Pistols badala yao. Vijana wale wakatoa matusi hewani saa ya jioni, na kesho yake Uingereza nzima ilijua neno panki.

Kuna la uzito zaidi. Freddie alikufa tarehe 24 Novemba 1991 kwa ugonjwa uliotokana na UKIMWI, siku moja tu baada ya kutangaza kwamba anao. Maisha yake yalikuwa ya namna ambayo watu wengi wa Zanzibar, Waislamu kwa Wakristo, hawayakubali. Mwaka 2006 watu walipotaka kusherehekea miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya Kiislamu ya UAMSHO ilipinga, na sherehe ikafutwa. Miaka 13 baadaye nyumba ikafunguliwa. Waliofungua hawakuomba mtu yeyote akubali kila alilofanya marehemu. Walisema tu kwamba alizaliwa hapa na kwamba sauti ile ilitoka hapa. Sisi tunaoogopa hata kutaja UKIMWI kwenye mazishi, tukisema tu ndugu alikufa kwa homa, tulisimama mbele ya picha zile tukakumbuka mazishi mengi.

Tukitoka pale tulipita karibu na nyumba ya Tippu Tip, maana naye aliishi Shangani na kufia Zanzibar mwaka 1905. Njia zake za pembe na watumwa zilifika Kasongo na nchi ya Maniema, na Kiswahili tunachohubiria leo kilitembea katika njia hizo hizo. Kisha tukaenda Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, kazi iliyoanza mwaka 1873. Mji mdogo ule umekubali kuweka pamoja kumbukumbu za mwimbaji, mfanyabiashara wa watu, na soko la machozi. Mgeni anaonyeshwa vyote.

Sasa tuje kwa jambo ambalo makanisa ya Kiprotestanti yanapaswa kulijua, nalo ni historia ya Ujerumani Mashariki. Katika miaka ya 1980 nchi ile ilikuwa chini ya chama kimoja. Kundi la muziki lilihitaji kibali cha serikali ili lipige mbele ya watu. Vijana wa panki hawakupewa kibali hicho, na polisi wa siri, Stasi, waliwahesabu kuwa maadui. Mwaka 1983 mkuu wa Stasi, Erich Mielke, aliamuru washughulikiwe kwa ukali. Wanamuziki wa kundi la Namenlos walifungwa kwa sababu ya maneno ya nyimbo zao.

Palibaki mahali pamoja ambapo polisi hawakuwa na urahisi wa kuingia: kanisa. Ibada haikuhitaji kibali. Katika Berlin Mashariki, tangu mwaka 1979, mchungaji Rainer Eppelmann alikuwa ameanza kuendesha ibada zenye muziki wa bluzi katika kanisa la Samariterkirche. Maelfu ya vijana walikuja, wengi wao hawakuwahi kufungua Biblia. Walivuta sigara nje, waliacha chupa, waliwasha hasira za majirani. Serikali iliwasukuma viongozi wa kanisa wazifute, na ndani ya kanisa lenyewe kulikuwa na waliosema kwamba nyumba ya Mungu inachafuliwa. Eppelmann hakuwa mgeni wa gereza: alipokuwa kijana alifungwa miezi 8 kwa kukataa kiapo cha jeshi. Mwaka 1983, katika mji wa Halle, parokia moja ilifungua milango yake kwa makundi ya panki kutoka nchi nzima. Na tarehe 17 Oktoba 1987, katika kanisa la Zionskirche la Berlin, vijana wenye siasa ya kinazi waliwavamia na kuwapiga waliokuwa kwenye tamasha, huku polisi wakiwa karibu.

Hatusemi kwamba vijana wale wote waliongoka. Wengi walikuja kwa ajili ya gitaa tu, wakaondoka na gitaa lao. Stasi nao waliingiza wapelelezi kati yao na kati ya watumishi wa kanisa, kwa hiyo si hadithi safi. Lakini ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, watu wengi waliotembea na mishumaa walikuwa wametokea makanisani, na kanisa lilijulikana kama mahali ambapo mtu angeweza kusema ukweli kwa sauti. Eppelmann mwenyewe mwaka 1990 alipewa wizara ya kupunguza silaha na ulinzi, mtu aliyekataa bunduki.

Biblia haina haya na sauti ya namna hiyo. Zaburi ya 88 inalia toka mwanzo hadi mwisho na kuishia gizani, bila shukrani hata moja. Zaburi ya 137 ina hasira ambayo wengi wetu tunairuka tukisoma mbele ya watu. Amosi, katika sura ya 5, anawaambia watu wa korali nzuri kwamba Bwana amechoka na kelele za nyimbo zao kwa kuwa haki haitiririki. Kwa hiyo swali la kwanza juu ya wimbo si kama unapiga kelele. Tuulize kwanza kama unasema kweli mbele za Mungu.

Hapa kwetu jambo limekuwa hivi. Vijana wa machimboni wameunda kikundi. Gitaa lao ni bati la mafuta lililopigiliwa ubao, nyuzi ni waya za breki za pikipiki, ngoma ni kopo la plastiki, na sauti inatoka katika bafle moja ya batri. Hawajawahi kusikia jina la Ramones. Wanaimba juu ya vizuizi vya barabarani na pesa wanazotoza watu wenye silaha, juu ya mashimo, juu ya dada zao. Walipoomba kuimba kanisani, baadhi ya wazee walisema kwamba hizo si nyimbo za Mungu, kwamba wengine kati yao wanakunywa, na kwamba korali ina sare na ratiba. Wazee hawa ni watu waaminifu waliolinda kanisa hili wakati wengi walikimbia, na hofu yao si ya bure.

Lakini shimo lilipoanguka na kuzika watu, walioimba msibani ni vijana hao. Katika wimbo ule walitaja majina ya marehemu mmoja mmoja, pamoja na vijiji walivyotoka. Hakuna ofisi iliyoyaandika. Baadhi ya wazazi walipata habari kwa njia ya wimbo uliopita kwenye simu, kutoka kadi moja kwenda nyingine. Baadaye simu ya mwimbaji iliporwa njiani, na kwa majuma kadhaa tulidhani tumeupoteza. Nakala ilipatikana kwa mama mmoja muuza mihogo.

Wimbo huo sasa uko kwenye kadi tatu: moja ofisini kwetu, moja kwa katibu wa vijana, na moja imetumwa Goma. Majina tumeyaandika kwa mkono katika kitabu cha parokia, ukurasa wa vifo, hata ya wale ambao hawakuwa washiriki wetu. Kuhusu kuimba kanisani, kikao cha wazee kimekubali jumapili moja kwa mwezi, saa nane mchana, baada ya ibada, bila pombe uwanjani, na mchungaji akiwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Wazee wawili walipiga kura ya kukataa, na wameahidi kuja kusikiliza.

Tunaomba pia makusanyiko mengine ya Walikale na Masisi: kama mna kanda za kaseti za korali za miaka ya 1980 na 1990, zilizobaki baada ya kukimbia, msizitupe hata kama zimeliwa na unyevu. Ziwekeni katika mfuko mkavu, andikeni juu yake jina la korali na la kijiji, na mzipe mjumbe wa kwanza anayekuja Omate. Redio ya kaseti inayofanya kazi tunayo moja, na kijana anayeweza kuitengeneza ikikwama ni yule mpiga gitaa wa bati.