Kompyuta ilipoiona homa kabla ya daktari

Je, msomaji, unakumbuka mwanzoni mwa 2007 jinsi watu wa Nairobi walivyoikimbia nyama choma? Nilikuwa daktari mwanagenzi wakati huo, na kila siku niliulizwa iwapo mbuzi wa sokoni ni salama. Homa ya Bonde la Ufa ilikuwa imezuka Garissa na kuenea. Kati ya Novemba 30, 2006 na Machi 12, 2007, watu 684 waliugua nchini na 155 kati yao wakafa.

Wengi hawakujua kwamba homa hiyo ilikuwa imetabiriwa. Wiki 2 hadi 6 kabla ya wagonjwa kuonekana, wanasayansi wa NASA, shirika la Marekani la anga za juu, pamoja na wenzao walikuwa wametoa onyo. Hawakuwa wamepima mgonjwa wala ng'ombe. Walitazama bahari.

Virusi vya homa hii, ambayo ilielezwa mara ya kwanza na wataalamu hapa kwetu karibu na Naivasha mwaka wa 1931, hujificha katika mayai ya mbu fulani. Mayai hayo hukaa udongoni miaka kadhaa yakingoja mafuriko. Yakianguliwa, mbu huuma mifugo, mifugo huharibu mimba, na mbu wa aina nyingine huusambaza ugonjwa. Sasa, Bahari ya Pasifiki na upande wetu wa Bahari ya Hindi zikipata joto kupita kawaida kwa pamoja, mvua kubwa hutunyeshea. Setilaiti hupima joto hilo, mawingu na ukijani wa nyasi. Kompyuta nayo hulinganisha takwimu hizo na za miaka iliyopita, kisha hutia alama kwenye ramani.

Mbona basi watu wakafa? Mifugo huchanjwa kabla ya ugonjwa kuingia. Ukishaingia, sindano moja ikidungwa wanyama wengi yaweza kuueneza. Wiki chache ni haba mno kwa kutafuta chanjo na kuwafikia wafugaji huku barabara zimezama. Tena kompyuta hukosea: baadhi ya wagonjwa walitoka nje ya sehemu zilizotiwa alama, na mwaka mwingine onyo hutolewa homa isizuke. Waziri gani atapenda kugharamia ugonjwa usioonekana? Binafsi, heri tuchanje bure mara moja kuliko kuzika.

Nawe wa mjini, ukisikia mvua za El Nino zatabiriwa, usinunue nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi. Ipike hadi iive kabisa, chemsha maziwa, na usimchinje mnyama mgonjwa ati asipotee bure, kwani damu yake huambukiza. Ukishikwa na homa baada ya kugusa mifugo au kutoka kwa wafugaji, mwambie daktari ulikotoka, la sivyo atakutibu malaria.