Pilau ya Watu 30: Kupikia Wageni wa Sikukuu Bila Kuhemea Jikoni

Kila Krismasi au Idi inapokaribia, wapishi wengi wa nyumbani hupiga hesabu moja: pilau ya watu 5 naijua, basi ya watu 30 ni kuzidisha mara 6. Mchele mara 6, maji mara 6, vitunguu mara 6, muda ule ule. Matokeo tunayajua sote. Wali umerojeka chini na juu una viini, rangi imepauka, na mwenyeji anatoka jikoni jasho likimtiririka wakati wageni wameshakaa mkekani na njaa yao. Mkono wa mpishi hauna kosa, hesabu ndiyo iliyomponza. Moto, maji na mvuke havifuati jedwali la kuzidisha, na anayetaka kulisha ukoo mzima kwa utulivu hana budi kujua vinafuata nini.

Nitaeleza kwa kutumia pilau, kwa sababu ndicho chakula kinachounganisha sikukuu zetu. Hupikwa Idi, hupikwa Krismasi, hupikwa Mwaka Mpya, na majirani wa dini tofauti hupelekeana sahani ile ile.

Kipimo cha kuanzia

Kwa mtu mzima tenga gramu 100 hadi 125 za mchele mkavu. Kilo 1 itatosha watu 8 hadi 10, na kilo 3 zitatosha watu 30 ikiwa watoto wamo na kuna vitu vingine siniani. Nyama yenye uzito sawa na mchele inatoa pilau ya heshima. Mfuko ukibana, tia nusu yake na uongeze viazi, hakuna atakayelalamika.

Mchele wa Kyela, wa Mwea au basmati, wowote unafaa. Muhimu ni kuujua. Mchele uliokaa ghalani kwa muda hunywa maji mengi kuliko ule uliovunwa majuzi, kwa hiyo ukinunua mzigo mpya, pika kikombe kimoja cha majaribio siku mbili tatu kabla ya wageni.

Maji hayazidishwi

Punje za mchele hunywa maji yanayokaribia ujazo wake: kikombe 1 cha mchele kwa kikombe 1 cha maji. Kwa nini basi tukipika kidogo tunatia vikombe 2? Kwa sababu sehemu kubwa ya kikombe cha pili inakwenda na mvuke. Kiasi cha mvuke hutegemea upana wa mdomo wa sufuria, mfuniko unavyobana na muda wa moto. Mvuke hauulizi umetia vikombe vingapi vya mchele.

Kilo 3 za mchele ni kama vikombe 15. Ukitia vikombe 30 vya supu, umetia maji ya mvuke ya sufuria 15 ndani ya sufuria moja, na bokoboko halina budi kutokea. Anza na vikombe 20 hadi 22. Kama umeloweka mchele kwa nusu saa, umeshakunywa maji ya kutosha, punguza vikombe 3.

Wapo wanaopima kwa kidole: mchele unasawazishwa, kidole kinasimamishwa juu yake, supu ikifika pingili ya kwanza inatosha. Kipimo hicho ni kizuri kwa sufuria ya kila siku, ambamo mchele una kina kifupi. Kwenye sufuria ndefu ya shughuli hudanganya upande wa pili, na wali hutoka mbichi, kwa kuwa kidole hakikui sufuria ikikua. Kwa watu wengi, pima kwa kikombe.

Pia gawa. Sufuria 2 pana za kilo 1 na nusu ni bora kuliko moja ndefu ya kilo 3. Mchele ukirundikana, wa chini hupata moto mwingi na kupondeka kwa uzito wa ule wa juu, na wa juu huchelewa kuiva. Mpishi akianza kukoroga ili kusawazisha, ndipo punje zinapokatika.

Chumvi nayo ipimwe kwa ulimi. Onja supu kabla ya kumimina mchele: iwe imekolea kuzidi kidogo ile ambayo ungeinywa, kwa sababu mchele utagawana nayo.

Rangi iko kwenye kitunguu

Rangi ya pilau haitoki kwenye manjano wala kwenye pakiti ya dukani. Inatoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa vikakolea, na hapa ndipo kuzidisha kunapoumiza zaidi. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji. Maji yakiwepo, joto la kitunguu haliwezi kupanda sana kupita nyuzijoto 100. Lakini ile rangi ya kahawia na harufu yake huanza kujengeka kwa kasi kuanzia kama nyuzijoto 140, pale sukari na asidi amino zinapoungana. Mkemia Mfaransa Louis Camille Maillard aliueleza muungano huo mwaka 1912, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Sasa jaza kilo 2 za vitunguu kwenye sufuria moja. Vitatoa maji mengi kuliko moto unavyoweza kuyakausha, vitajichemsha kwa mvuke wao wenyewe, vitalainika na kubaki vyeupe. Mpishi akikata tamaa na kumimina mchele, pilau imeshapauka. Kaanga kwa mafungu, kwenye chombo kipana, mafuta yakiwa ya moto. Usitie chumvi mwanzoni, maana huvuta maji nje. Viopoe vikiwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, kwani vitaendelea kuiva nje ya mafuta, na vikiungua huleta uchungu usioondoka. Kazi hii ifanye jana yake. Vitunguu vilivyokauka vizuri hukaa ndani ya chombo chenye mfuniko, na kesho yake ukivivuruga kwenye supu ya moto vitatoa rangi yote.

Bizari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga hutoa harufu yake kwenye mafuta vizuri kuliko kwenye maji. Kwa hiyo viungo vizima vipite kwanza kwenye mafuta au samli, dakika moja tu, kabla ya supu kuingia. Vya kusaga visagwe karibu na siku yenyewe, kwa sababu harufu huruka.

Nyama na mwinuko wa nyumbani kwenu

Kwa pilau chagua nyama ya shingo, kifua au mkono. Ni ngumu, lakini ina kolajeni nyingi, na kolajeni ikichemka taratibu kwa muda mrefu hugeuka kuwa ule ulaini unaoifanya supu inate midomoni. Steki haiwezi kukupa supu hiyo.

Desemba familia nyingi huondoka Dar es Salaam kwenda kwao: Kilimanjaro, Mbeya, Njombe. Wengi hushangaa nyama iliyokuwa ikiiva kwa muda fulani pwani inakataa kuiva huko. Jiko halina lawama. Kila unapopanda takriban mita 300, maji huchemka kwa joto lililopungua nyuzi 1. Pwani yanachemka kwa nyuzijoto 100. Nairobi na Mbeya mjini, karibu 94. Nyama, maharage na hata mchele vyote huchukua muda mrefu zaidi. Ukiwa milimani anza kuchemsha nyama mapema, na funika sufuria vizuri.

Maji ya pilau yakikauka, palia: toa moto mwingi chini, funika, weka makaa juu ya mfuniko. Joto la juu hukausha tabaka ambalo moto wa chini haulifikii. Mwenye jiko la gesi apunguze moto hadi mwisho na abane mfuniko kwa kitambaa safi kilichokunjwa juu yake, ncha zake zisifike kwenye moto. Kisha acha sufuria itulie dakika 15 kabla ya kupakua. Punje ya moto sana ni dhaifu, na ikipumzika hukakamaa na kuachana na mwenzake.

Kachumbari ichelewe. Chumvi ikigusa nyanya huvuta maji, na baada ya saa moja bakuli linaelea. Kata vitunguu mapema, vioshe kwa chumvi, vikamue. Nyanya, chumvi ya mwisho na ndimu viingie wageni wakiwa wanaketi.

Vinywaji vya jagi

Mlo wenye samli na nyama unadai kinywaji chenye uchachu. Ukwaju ndio chaguo langu la kwanza, kwani asidi ya tartariki iliyomo hukata mafuta mdomoni. Loweka kwenye maji ya moto, vuruga, chuja, ongeza tangawizi na iliki. Juisi ya rozela na ya ubuyu nazo ni rahisi kuandaa kwa wingi, na zote hizi zinaweza kutengenezwa jana yake zikakaa kwenye jokofu. Piga hesabu ya glasi 2 za mililita 250 kwa kila mtu: watu 30, lita 15. Tengeneza nzito kidogo, barafu itaizimua. Maji ya juisi na ya barafu yote yawe yamechemshwa au yametibiwa. Barafu haiui vijidudu.

Sukari iweke kando, imeyeyushwa kwenye maji ya moto, ndani ya jagi lake. Katika kila ukoo kuna mwenye kisukari, na ni heshima kumwezesha anywe anachokunywa kila mtu bila kulazimika kuomba.

Tahadhari mbili kwa wapenda maziwa. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya cha bromelaini, ambacho huvunja protini ya maziwa na kuifanya iwe chungu. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya cha namna hiyo, ndiyo maana chai ya maziwa hukatika. Chemsha tangawizi kwanza na maji hadi itokote, kisha ndipo utie maziwa, kwa sababu joto huua nguvu ya kimeng'enya hicho.

Baada ya mlo, kahawa chungu na tende au kaimati vinatosha. Keki ya gharama si lazima.

Hatari iliyomo kwenye kiporo

Sufuria kubwa ina tatizo moja ambalo ndogo haina: haipoi upesi. Katikati yake joto hukaa vuguvugu kwa saa nyingi, na huko ndiko bakteria wanakostawi. Mchele mbichi mara nyingi huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu hizo hustahimili kuchemshwa, kisha huamka wali ukiwa vuguvugu, na baadhi yake hutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo haiharibiki kwa kupasha moto. Aliyepasha kiporo hadi kikatoa moshi anaweza bado kuugua.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2, na kile kinachosubiri kuliwa kibaki na joto linalozidi nyuzijoto 60. Maana yake kwa mwenyeji ni hii: sufuria inayowasubiri wageni wa kuchelewa ibaki juu ya makaa, imefunikwa. Wengi wakishakula, kinachobaki kitandazwe kwenye masinia kwa kina kisichozidi sentimita 5, kipoe haraka, kiingie kwenye jokofu. Usiingize sufuria nzima ikiwa ya moto. Kama huna jokofu, pima mchele kwa idadi ya watu na ugawe kinachobaki kwa majirani siku hiyo hiyo, kingali cha moto.

Ratiba ya mwenyeji

Siku mbili kabla: nunua, chagua mchele, saga bizari. Jana yake: kaanga vitunguu, andaa juisi, na kama una jokofu, chemsha nyama, ipoze upesi katika vyombo vifupi, uhifadhi. Asiye na jokofu achemshe nyama asubuhi ya siku yenyewe. Saa 2 kabla ya mlo: chemsha tena nyama na supu hadi itokote sawasawa, loweka mchele. Saa 1 kabla: mimina mchele, palia. Dakika za mwisho: kachumbari na barafu.

Ratiba hii ibandike ukutani, na kila mstari uwe na jina la mtu. Kijana wa kiume anaweza kukata vitunguu, baba anaweza kukamua ukwaju, shangazi aliyezoea moto apewe sufuria. Haifai mtu mmoja, na mara nyingi ni mama, atumie sikukuu nzima kwenye moshi huku wenzake wakipiga soga. Wageni wamekuja kukaa naye pia. Gaweni kazi, pimeni maji kwa kikombe, na mpishi awe wa kwanza kupata nafasi mkekani.