Joto na Hewa Viende Pamoja: Namna ya Kuipasha Joto Nyumba ya Trela kwa Usalama

Maelezo haya yametayarishwa kwa ajili ya kaya zinazoishi katika nyumba za trela, magari ya kuishi na fleti ndogo katika mji wa Grand Prairie, katika eneo lote la Dallas na Fort Worth, na katika mji wa Houston. Yanaeleza jinsi ya kuipasha joto nyumba ndogo bila kuhatarisha maisha ya waliomo. Tafadhali yasome kabla ya majira ya baridi, na uwasomee wazee na watoto wa nyumbani kwako.

Kwa nini baridi ya Texas si ya kupuuzwa

Kwa siku nyingi za mwaka Texas ni nchi ya joto. Hata hivyo, upepo wa kaskazini unaweza kuleta baridi kali kwa muda wa saa chache tu. Tarehe 16 Februari 2021, kipimo katika uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth kilishuka hadi nyuzi 2 chini ya sifuri kwa kipimo cha Farenhaiti, yaani takriban nyuzi 19 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi. Siku hizo umeme ulikatika katika mamilioni ya nyumba, na kwingine haukurudi kwa siku kadhaa. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246 vilivyotokana na dhoruba hiyo. Wengi wa marehemu waliuawa na baridi yenyewe. Watu 19 waliuawa na gesi ya kaboni monoksaidi.

Kwa hiyo hatari ni mbili: baridi, na kile tunachokiwasha ili kuikimbia.

Gesi isiyoonekana wala kunuka

Kaboni monoksaidi hutoka popote panapoungua mkaa, kuni, petroli, mafuta ya taa au gesi ya kupikia. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi. Mtu akiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo damu hushindwa kupeleka oksijeni kwenye ubongo na moyo. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka.

Desturi ya kule haifai hapa

Katika sehemu za baridi za Afrika Mashariki, kama vile Goma, Limuru au Njombe, watu wengi wamezoea kuota moto wa mkaa, ambao ndugu zetu wa Kongo huuita makala. Nyumba nyingi za huko zina upenyo kati ya ukuta na mabati, na hewa hupita humo usiku kucha. Hata hivyo, huko nako wako waliokufa kwa kulala na jiko chumbani. Nyumba za Marekani zimezibwa zaidi: milango ina mipira ya kuzuia upepo, na kuta zimejazwa pamba maalumu ili joto lisitoke. Trela nayo ni ndogo, kwa hiyo gesi huijaza upesi.

Wako wanaosubiri mkaa uwe mwekundu na moshi uishe, ndipo waingize jiko ndani wakidhani limekuwa salama. Moshi ukiisha, gesi haijaisha. Mkaa unaowaka bila moshi bado hutoa kaboni monoksaidi nyingi, na kufungua dirisha kidogo hakutoshi kuiondoa.

Vitu hivi visitumike kamwe ndani ya nyumba

• Jiko la mkaa au la kuchomea nyama, hata likiwa karibu na mlango uliofunguliwa.
• Jiko la gesi la kambini.
• Jenereta, hata katika gereji au barazani. Iweke umbali wa angalau futi 20, yaani mita 6, kutoka kwenye nyumba yako na ya jirani, na moshi wake uelekee mbali na milango na madirisha.
• Gari linalonguruma ndani ya gereji, hata kama mlango wa gereji uko wazi.
• Oveni au jiko la gesi la jikoni kwa ajili ya kuota moto. Vifaa hivi vimetengenezwa kwa kupikia tu.

Makatazo haya yanawahusu pia wanaolala ndani ya mashua au hema wakati wa mapumziko, kwa mfano katika ziwa Joe Pool.

Kuiandaa nyumba kabla ya baridi

Anza kwa kulizuia joto lisitoke. Weka nguo iliyokunjwa chini ya mlango, funga mapazia mazito usiku, tandika zulia au mikeka sakafuni, na bandika karatasi ya plastiki juu ya madirisha yanayopitisha upepo. Trela hupigwa na upepo kutoka chini, kwa hiyo hakikisha kuwa ubao unaozunguka sehemu yake ya chini haujavunjika. Funika mabomba ya maji, na usiku wa barafu uache bomba lidondoshe matone. Bomba lililoganda lisiyeyushwe kwa moto.

Ziba nyufa za upepo, lakini usizibe kamwe matundu ya hewa ya mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto, wala bomba lake la kutolea moshi. Mtambo huo ukaguliwe na fundi kila mwaka. Katika trela, uwe ni ule ulioidhinishwa kwa nyumba za aina hiyo. Mtambo wa namna hiyo huvuta hewa ya moto wake kutoka nje.

Nunua kengele ya kaboni monoksaidi na uiweke karibu na mahali mnapolala. Chagua yenye betri, ili ifanye kazi umeme ukikatika, na uijaribu kila mwezi. Kengele ya moshi ni kifaa kingine: haitambui gesi hii, isipokuwa imeandikwa kuwa inafanya kazi zote mbili.

Hita ya umeme

Hita ya umeme haitoi kaboni monoksaidi, lakini inaweza kuunguza nyumba. Iweke futi 3, karibu mita 1, mbali na kitanda, pazia na nguo. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya wa kuongezea. Izime unapolala au unapotoka.

Hita ya wati 1,500 hutumia takriban ampea 12.5, na njia nyingi za umeme za vyumbani ni za ampea 15 tu. Kwa hiyo hita mbili zisiwekwe kwenye njia moja. Gari la kuishi lililounganishwa na umeme wa ampea 30 lina wati 3,600 kwa matumizi yote kwa pamoja. Hita mbili na birika la umeme vinatosha kuzidi kiasi hicho. Swichi ya usalama ikikata umeme mara kwa mara, usilazimishe. Punguza vifaa na umwite fundi.

Umeme ukikatika

Kusanyeni watu wote katika chumba kimoja, vaeni nguo juu ya nguo, kofia na soksi, na mlale pamoja chini ya mablanketi. Mtoto mchanga alale peke yake mahali pake, akiwa amevikwa nguo za joto, bila blanketi lililolegea. Mkishindwa kuvumilia, ondokeni mapema. Piga 211 uulize kituo cha kupatia joto kilicho karibu. Namba hiyo hiyo hutoa maelezo kuhusu mpango wa jimbo wa kuzisaidia kaya zenye kipato kidogo kulipa gharama za umeme na gesi.

Umeme hukatika wakati wa joto pia. Kimbunga Beryl kilipopiga Houston mwezi Julai 2024, zaidi ya wateja milioni 2 walikosa umeme, na jenereta zikawa hatari ile ile.

Dalili na msaada

Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, udhaifu na kuchanganyikiwa. Hufanana na mafua makali, lakini homa haipo. Ikiwa watu kadhaa wa nyumba moja wanaugua kwa wakati mmoja, na wanapata nafuu wakitoka nje, ishuku gesi hii.

Kengele ikilia, au dalili zikionekana, tokeni nje wote mara moja. Msibaki kutafuta chanzo. Mkiwa nje, pigeni 911. Taja kwanza anwani yako, kisha sema neno “Swahili” ili utafutiwe mkalimani. Msirudi ndani mpaka zimamoto waseme kuwa ni salama. Kwa ushauri kuhusu sumu yoyote, piga 1-800-222-1222, saa yoyote, bila malipo.

Baridi inayokaribia humpa mtu muda wa kujifunika, kubisha kwa jirani au kwenda kituoni. Gesi haimpi aliyelala nafasi hiyo. Mwelezeni hivyo kila jirani anayefika Texas kwa mara ya kwanza, kabla usiku wa kwanza wa barafu haujamkuta.